Mgeni Aliyeniuliza Habari za Seli

Kama ningekuwa natunga, ningejitungia ujasiri kidogo. Humu hamna ujasiri wowote, na kwa hilo tu utajua kwamba nasema kweli.

Ilitokea hapa Kamembe, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, Maman, mama yangu, akiwa amevuka mpaka kwenda Bukavu kuuza vitenge. Ndiyo, mchana. Hata mimi nilidhani mambo haya hungoja giza.

Kesho yake nilikuwa na mtihani wa biolojia ya seli na molekuli. Mwalimu sikuwa naye. Nilikuwa na silabasi ya kukopi na simu yenye kioo kilichopasuka. Chuo kimoja kilikubali watu kama mimi, waliojisomea nyumbani, wafanye mtihani wa somo hilo la mwaka wa kwanza. Ukipita, unaingia darasani na wengine. Usipofika, jina linafutwa. Na mimi, niseme yote, nilikuwa nimeshaamua kutokwenda.

Ugonjwa wangu ni huu: kalamu ikikosea neno moja, nachana ukurasa. Ukurasa ukichanika, naliona daftari zima limeharibika, basi nanunua jipya na kuanza tena kwenye utando wa seli. Siku ile daftari la saba lilikuwa mezani. Lilikuwa zuri sana. Halikuwa limefika hata kwenye protini.

Mtu akabisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, kovu kwenye kidevu.

"Hodi, mutoto yangu. Mvua imenipiga tangu kule soko."

Nikamkaribisha, nikammiminia chai. Akakirudisha kikombe mbele yangu.

"Eh! Unanipa bila kuonja? Batu batasema uko murozi."

Nikaona aibu. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue si murozi, hakutia sumu. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Nikaonja, ikaniunguza ulimi. Akapokea, akanywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka. Kisha akatazama vipande vya karatasi chini ya meza.

"Unasoma ao unalisha mbuzi?"

"Nasoma seli, Maman."

"Basi niambie. ADN ikijinakili, haikosee?"

"Inakosea."

"Kisha? Inachana yote, inaanza tena mwanzo?"

Nikajibu haraka, maana sehemu hiyo ya DNA niliijua kwa moyo. Nikamwambia kwamba kimeng'enya kinachonakili kikiweka herufi isiyofaa, kinarudi hatua moja nyuma, kinaiondoa hiyo moja, kinaweka nyingine, kinaendelea na safari. Na makosa machache hupita hata hivyo, na kiumbe kinaishi. Kadiri nilivyosema, sauti yangu ilipungua. Unaelewa? Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nyingi bila kuyasikia.

"Unaona? Unajua. Kesho uende."

"Sijawa tayari, Maman."

Uchangamfu ukamtoka usoni. "Na mimi nilisemaka vile vile," akasema, akainuka.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Sakafu niliyokuwa nimepiga deki haikuwa na alama hata moja ya mguu. Akatoka uani, na nakuapia, matone yaliendelea kuanguka mahali aliposimama kana kwamba hapakuwa na mtu. Kisha kweli hapakuwa na mtu.

Mezani kikombe chake kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, chai baridi kama maji ya Ziwa Kivu alfajiri. Ungefanya nini? Mimi, kwa huu ugonjwa wangu wa kutaka uhakika, niliinywa.

Maman aliporudi jioni nikamsimulia. Nilipofika kwenye kovu, alikaa chini, mzigo ungali kichwani.

"Kovu kwa kidevu? Yesu wangu! Uyo alipangaka humu zamani, mbele yetu. Alikuwa anasoma biolojia. Kila mwaka mutihani ikifika, anasema hayuko tayari, ataenda mwaka kesho. Malaria ikamubeba, akakufa." Akanikazia macho. "Na wewe utaenda, hata kama nitakubeba ku mugongo kama bebe!"

Nilikwenda. Nilikosea, nikapiga mstari, nikaendelea, mpaka karatasi ikawa kama kuku wamepita juu yake. Nilipata kumi na tatu juu ya ishirini. Zamani ningelia wiki nzima. Sasa niko darasani, nimeona seli za kitunguu kwa hadubini kwa macho yangu mwenyewe, na wenzangu huliazima daftari langu lenye makovu yake yote.

Lakini jambo lenyewe halijaisha. Kila nikishika ukurasa niuchane, ulimi wangu unapoa, pale pale chai ile ilipopita, na haupati joto mpaka niuachie ukurasa. Nimejaribu hata kwenye jua kali. Ni vile vile. Nimezoea, na mara nyingine nashukuru.

Basi wewe unayesoma hapa huku ukingoja uwe tayari, nakuonya. Wapo waliongoja hadi wakazikwa, na mtihani bado wanautaka. Nenda na hicho unachokijua, ungali na mkono wa kushika kalamu. La sivyo, siku moja utabisha kwa watu wasiokujua, mchana kweupe, ukiomba wakujibie.