Mstari wa Jina la Baba

Kisilu Ndolo hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakujisumbua kupendwa. Pale sokoni Kwa Vonza, kwenye veranda ya duka la Salim, aliweka meza, taipureta kuukuu, na kibao alichokiandika kwa mkono: FOMU. Wanafunzi waliomaliza sekondari walimjia kutoka kila upande, na wengi waliondoka wamenuna. Alimnyang'anya mtoto kalamu, akamwambia akae kando asome maswali yote mara mbili kabla ya kujibu hata moja. Aliyeandika nje ya mstari alirudishwa nyumbani, aje kesho.

Wazazi walimkera zaidi. Fomu ya mkopo wa chuo kikuu ikiuliza idadi ya watoto, baba aligeuka kutazama barabara, kwa maana kwa Wakamba mtoto hahesabiwi kwa kinywa. Ikiuliza mifugo, aliyebakiwa na mbuzi watatu baada ya ukame alitaja zizi zima la marehemu babake, asije akadharauliwa mbele ya waliokuja kununua sukari. Hapo Kisilu aliweka kalamu chini.

"Mzee, hapa hatuposi. Ukijitajirisha kwenye karatasi hii, mtoto wako atarudi kuchunga hao mbuzi usio nao."

Kazi hiyo aliijua. Tangu mwaka 1966 alikuwa karani wa shule ya sekondari, miaka ishirini na minne bila kuchelewa. Mwaka 1990 mkuu wa shule alimfukuza, akidai amebeba makaratasi ya shule kwenda nayo nyumbani. Kisilu alikana. Wazee wa kanisa wakamwita, naye akaapa mbele yao kwamba hakutoka na hata karatasi moja. Walimwamini, wakamwachia daftari na ufunguo wa katibu wa kanisa.

Mzee mmoja tu hakumwamini: Kivuva, naibu chifu. Huyo alikuwa na sababu yake. Kabla ya ile meza ya veranda, fomu zote zilijazwa kwake, na kila fomu ilifika na jogoo. Sasa zilikuja zimejazwa tayari, zikihitaji mhuri tu, na mhuri hauliwi.

Mwaka 1993 alikuja Ndinda. Alikuwa amepasi, amekaa nyumbani mwaka mzima, na chuo kikuu kilikuwa kimemwita. Bila mkopo, asingekwenda popote. Kwao kulikuwa na wanawake wawili, Kaluki na Ndila. Kaluki alifiwa na mumewe Mulei mwaka 1961 bila mtoto. Ili nyumba ya Mulei isizimike, alimwoa Ndila kwa desturi, akatoa mbuzi kama anavyotoa mwanamume yeyote. Mke wa namna hiyo Wakamba humwita iweto, na watoto anaozaa ni wa yule marehemu, hata kama mifupa yake imekwisha kuoza. Ndinda alizaliwa 1974. Kwenye mstari wa jina la baba, Kisilu aliandika: Mulei Kiema, marehemu. Akaambatisha cheti cha kifo. Hakuona kosa, na hakuna mtu pale sokoni ambaye angeliona.

Wiki sita baadaye fomu ilirudi kutoka Nairobi na maandishi mekundu. Baba alikufa miaka kumi na mitatu kabla ya mwombaji kuzaliwa. Yalitakiwa maelezo ya kiapo pamoja na barua ya chifu au naibu wake, kabla ya Ijumaa tarehe 28 Mei.

Habari ilizunguka soko kabla ya chai ya saa nne. Karani amempa maiti mtoto, watu walisema. Ndinda hakucheka.

"Mzee, ulinirudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya koma," alimwambia. "Hili hukuliona?"



Jumatatu ya wiki ile ya mwisho walikwenda kwa Kivuva: Kaluki, Ndinda na karani. Kivuva alikuwa mtoto wa ndugu yake Mulei. Wapima mashamba walitarajiwa mwezi wa Agosti kuandika wamiliki, na kama nyumba ya Mulei haina mtoto, shamba lake la kando ya mto lingekuwa la Kivuva. Aliisoma fomu polepole, akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Mama mkubwa, desturi hiyo mimi siijui. Andikeni jina la mwanamume aliyezaa, nami nitapiga mhuri sasa hivi."

"Mbuzi wa mahari ya Ndila uliwaswaga wewe," Kaluki alisema. "Ukiwa kijana. Na figo, ujira wa mswagaji, ulipewa wewe, ukala."

"Nani aliona? Wote wamekufa." Kisha akamgeukia Kisilu. "Na wewe, kumwandika maiti kuwa mzazi ni kughushi. Korti iko Kitui, si mbali."

Kisilu alitazama sakafu. Hakusema neno mpaka walipotoka.

Aliyoyanyamazia yalikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku la bati. Mkuu wa shule alikuwa na tabia ya kuchoma makaratasi kila mwisho wa mwaka, na Kisilu hakuweza kuvumilia kuona karatasi iliyojazwa vizuri ikiungua. Kwa hiyo aliyabeba. Miongoni mwake ilikuwamo fomu ya msaada wa karo ya mwaka 1988, Ndinda alipoingia kidato cha kwanza. Chini yake, kwa mkono wa Kivuva mwenyewe, pamoja na mhuri: Huyu ni mtoto wa nyumba ya Mulei. Wakati ule hakukuwa na habari za wapima mashamba, na jogoo alikuwa ameshafika.

Jumanne meza ya veranda haikufunguliwa. Jumatano Ndinda alimfuata nyumbani.

"Nipe kalamu na fomu. Mama amenitajia mtu."

"Ukiliandika jina hilo, susu yako, Bibi Kaluki, hana nyumba. Kivuva atachukua mpaka jiwe la kusagia."

"Nisipoliandika, mimi sina chuo. Susu atapoteza shamba, mimi nitapoteza shule. Wewe unapoteza nini?"

 Kisilu aliingia ndani, akavuta sanduku.

Alhamisi walikuwa mbele ya hakimu, Kitui. Kaluki aliapa kwamba yeye ndiye mume wa Ndila, akabonyeza kidole gumba. Hakimu aliigeuza ile fomu ya 1988, akauliza imepatikanaje, maana ilikuwa mali ya shule. Kisilu alisema aliichukua. Kwa ruhusa ya nani? Bila ruhusa. Karani wa korti aliyaandika hayo yote, na hakimu akakubali mhuri wa zamani usimame mahali pa barua mpya. Ijumaa kabla ya adhuhuri Ndinda aliziwasilisha karatasi hizo Nairobi kwa mkono wake.

Jumapili Kivuva alisimama kanisani na nakala ya yale yaliyoandikwa kortini. Aliyasoma maneno ya Kisilu tu, polepole, kama mtu anayehesabu mbegu. Mchungaji akauliza kama ni kweli.

"Ni kweli," Kisilu alisema. "Na sahihi iliyo kwenye ile fomu ni kweli pia. Isomeni nayo."

Hakuna aliyeisoma. Waliomba daftari na ufunguo, akavitoa mfukoni. Alikuwa amekuja navyo tayari.

Mkopo ulitoka Septemba, na Ndinda akaenda bila kuaga. Agosti wapima mashamba walikuwa wamekwisha kuandika nyumba ya Mulei kuwa ina mtoto. Siku moja ya soko Kaluki alipita verandani. Kisilu aliinuka kumpa kigoda, akitarajia neno jema. Kikongwe hakukaa.

"Ile karatasi ulikuwa nayo tangu Jumatatu," alisema. "Kivuva akinitukana mbele ya mjukuu wangu, wewe ulikuwa nayo, ukanyamaza."

"Nilikuwa nayo," Kisilu alisema.

Kaluki alikwenda zake. Mtoto aliyekuwa akingoja mezani alinyoosha mkono kuomba kalamu, na siku hiyo Kisilu alimpa bila kumwambia lolote.