Mama Yangu Chomboni

Mimi sikuolewa na baharia. Niliolewa na fundi wa injini, mtu wa Changamwe aliyekuwa akirudi nyumbani na mikono inayonuka dizeli, nami nikatosheka naye. Kwa hiyo nyumba yetu ya kupanga ilipochorwa alama nyekundu ya X ibomolewe kupisha barabara, nilitarajia atafute vyumba viwili Miritini, kama walivyofanya majirani. Yeye akaniambia tunahamia kwenye mashua ya tanga.

Mashua yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja mzee ambaye mume wangu alimtengenezea injini kwa miaka mingi. Uzee ulipomzidi alirudi kwao, akamwachia iwe yake. Ilikuwa imetia nanga kwenye hori nyuma ya Kipevu, karibu na mikoko, mahali ambapo ndege zinazokwenda kutua hupita chini mpaka unaona magurudumu. Nilimwambia mume wangu amerukwa na akili. Kisha nikafunga sufuria zangu kwenye shuka, maana pa kwenda pengine hatukuwa napo.

Kuzoea kulinichosha. Sima niliisonga nimepiga magoti, chombo kikiyumba kila meli kubwa ilipopita. Maji tuliyaleta kwa mitungi ndani ya kimashua cha mpira, na mume wangu akaivuta mpaka sitahani kwa kamba na kapi lililoning'inia kwenye boriti ya tanga. Watoto wetu wawili walikwenda shule na sare zenye chumvi, wakafurahi kana kwamba tumehamia harusini. Mimi nilikaa na hasira yangu, na sababu yake ilikuwa moja tu: mama.

Mama yangu aliishi Rabai peke yake, na figo zilikuwa zimeanza kumshinda. Tulipokuwa Changamwe alikuwa akija kwetu kila alipotakiwa kliniki, akilala na wajukuu chumbani kwao, mlango umefungwa. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama kukiona kitanda cha binti yake na mumewe ni aibu isiyosemeka. Hata maneno yao yalipitia kwangu, wakiwa wamekaa ukumbi mmoja. "Mwambie mkwe wangu chai inapoa." "Mwambie mama aongeze sukari." Nilikuwa nikiwatania kwamba wangenilipa mshahara wa kupokea simu.

Sasa chomboni hakuna mlango wa maana. Ukiteremka ngazi, kitanda chetu ndicho cha kwanza kukupokea. Mama alikuja mara moja, akasimama matopeni ufukweni, watoto wakamweleza kila kitu kilipo. Akaniambia, "Mwanangu, wataka nikalale miguuni pa mkwe wangu? Na utu uzima huu?" Akageuka, akarudi Rabai.

Baada ya hapo alianza kukosa kliniki, na miguu ikazidi kuvimba. Nilimwambia mume wangu wazi kwamba mama akifa, chombo chake ndicho kitakuwa kimemuua. Asubuhi yake aliking'oa kitanda chetu, akakisukuma mbele kabisa, akaziba kwa mbao kutoka juu mpaka chini, na kimlango kidogo kilichokuwa huko mbele, cha kutokea sitahani, kikawa njia yetu sisi wawili. Upande wote wa ngazi ukabaki wa mama na wajukuu. Mbao zenyewe hazikulingana hata mbili. Nikaenda Rabai, nikamwapia mama kwa jina la Yesu kwamba kitanda hakionekani.

Tulipofika ubavuni mwa chombo ndipo tulipogundua jambo tulilolisahau sote. Mama hakuweza kupanda. Magoti hayakukunjika. Binti yangu alimvuta, mimi nikamsukuma, kimashua kikayumba, mama akaanza kusali kwa sauti. Mume wangu alikuwa pale juu na nguvu zake zote, na hakuweza kunyoosha mkono. Angemshika wapi?

Akatoweka. Aliporudi aliteremsha ile kamba ya mitungi, mwisho wake amefunga kipande cha tanga kuukuu kama mbeleko. "Mwambie mama aketi humo," akaniambia, na mama alikuwa anamsikia vizuri tu. Mama akaketi, akafunika miguu kwa leso. Mume wangu akaenda nyuma ya mlingoti, akatupa mgongo, akavuta. Mama yangu akapanda hewani taratibu, Biblia kifuani, akazunguka kidogo, na wajukuu walipocheka, naye akacheka. Alipokanyaga sitaha alisema, "Mwambie mkwe wangu Mungu ambariki." Mume wangu hakugeuka mpaka nilipomfikisha mama chini.

Alikaa nasi msimu wote wa mvua. Kliniki alikwenda, akishushwa kwa kamba na kupandishwa kwa kamba. Jioni aliwafundisha watoto nyimbo za kanisani, akizigombeza ndege zilizomkatiza. Nilimpenda mume wangu siku zile kuliko siku ya harusi yetu, na sikumwambia, maana kila mara mama alikuwa karibu.

Mama alifariki mchana, kichwa chake mapajani mwangu, watoto wakiwa shuleni. Nilimwita mume wangu. Alikuja mbio, akasimama juu ya ngazi. Hakuwa amekanyaga upande ule hata mara moja tangu mama aje. Nikamwambia alete kamba tumtoe. Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Si kwa kamba," akasema. "Si leo."

Akavua viatu, akainamisha uso, akaanza kushuka. Kwenye ngazi ya mwisho akasimama tena.

"Mwambie mama naomba radhi. Mwambie nataka kumbeba."

Nikainama sikioni mwa mama, nikamwambia.