Kiti Cheusi cha Kasingirima

Mwaka 1972, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nilivuka kutoka Burundi na mama yangu mgongoni. Shida zangu zilianzia hapo. Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Tulipata chumba mtaa wa Rusimbi, katika mji wa kando ya ziwa. Seremala mmoja wa Kasingirima akanipa kazi ya kufagia na kupiga msasa. Halafu likatoka tangazo: wakimbizi wote wapande malori kwenda makazi ya mbali, isipokuwa mwenye kazi na mtu wa kumdhamini. Mguu wa mama ulikuwa umeoza kwa kidonda. Lori lingemuua, hilo nililijua. Nikamwomba fundi anidhamini.

"Nikamdhamini mtu wa ufagio?" akasema, na mafundi wenzake wakacheka.

Wiki ile karani mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga alikuwa ameagiza kiti cha mbao nyekundu ya mninga, akitaka kiwe cheusi. Dawa ya kutia weusi haikuwepo madukani. Nikamwambia fundi kwamba kwetu wanawake tunatia weusi nyuzi za vikapu kwa tope la bondeni na maji ya lile ua linaloning'inia chini ya mkungu wa ndizi. Akasema kiti si kikapu. Lakini karani alikuwa anamsumbua kila siku, mwisho akakubali: kikiharibika, niondoke.

Tope la kwetu lina kutu kama ya chuma, la huku sikulijua. Nikaokota misumari yenye kutu katika takataka nilizokuwa nafagia, nikailoweka siku tano kwenye pombe ya ndizi iliyochacha. Ua nikalichemsha. Nikakipaka kiti maji ya ua, kikakauka, kisha nikapitisha yale ya misumari. Yalikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mafundi wakaanza kunitania.

Kisha wakasogea karibu. Mbao ilikuwa inageuka yenyewe, hakuna aliyeigusa. Kwanza kijivu, halafu kama wingu la mvua likitokea ng'ambo ya ziwa, halafu nyeusi kabisa, na mishipa yake yote inaonekana. Nyuzi nilizizoea, lakini zile hugeukia ndani ya chungu, huoni. Hapa niliona. Mpaka leo, miaka yote hii, nikipaka huwa nasimama na kutazama.

Lakini kwenye egemeo palibaki alama tano nyekundu, hazikushika weusi.

"Umeniharibia kiti," fundi akasema.

Nikainama nikanusa. Mafuta ya mawese, na penye mafuta rangi haishiki. Mchana, kabla sijapaka, fundi alikula migebuka, samaki wa ziwani, kwa mkono, akaja kukipigapiga kiti akikisifu.

"Mzee, shikamoo," nikamwambia. "Weka mkono wako hapo."

Hakutaka. Mafundi wakamtazama mpaka akauweka. Vidole vitano vikakaa sawasawa juu ya alama tano.

Alinawa kwa sabuni, akachukua msasa, akapasugua mwenyewe, nikapaka tena. Pakageuka. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa afisa wa wakimbizi akamwambia, "Huyu ni fundi wangu. Haondoki." Mama akaishi miaka kumi na moja zaidi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Gungu, vyumba vinne. Kaburi la mama, nililolijengea kwa saruji. Karakana na meza tatu za kazi. Mashine ya randa. Michikichi kumi na sita. Mapipa mawili ya misumari yenye kutu. Mbuzi saba.