Rangi ya Chumba cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Sare nyingi za shule za mtaani kwake zimepita chini ya sindano yake. Alipoanza kulalamikia mgongo, mume wangu akakata shauri: mama ahamie kwetu, apumzike, na cherehani iuzwe. Mama hakubisha. Alisema tu chumba chake kipakwe rangi atakayoichagua mwenyewe, na mpaka hapo haondoki kwake.

Fundi rangi akapaka mabaka mawili ukutani ili achague. Moja lilikuwa kijani kilichofifia kuelekea kijivu, na jingine kijivu kilichofifia kuelekea kijani. Ndivyo alivyotueleza, kwa uso wa mtu anayetangaza msiba.

Mama alipokuja kuangalia, akasema ngoja yakauke. Yakakauka, akasema leo kuna mawingu. Jua lilipowaka, akasema linaumiza macho.

"Mama, kwani tofauti iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Kama huioni, nyamaza."

"Bibi, chagua yoyote," fundi akasema. "Ukishaweka kabati, ukuta wenyewe huuoni."

"Na wewe unajiita fundi rangi?"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, namnyonyesha mtoto. Ukinyonyesha huna pa kwenda, kwa hiyo unaona mengi. Niliona mama hauangalii ukuta. Wenzake wakibishana, alivua shingoni futi yake ya kupimia nguo, akapima chini ya dirisha, akapima na kitanda tulichokuwa tumekiweka pale, akairudisha shingoni kama si yeye. Nikaelewa. Cherehani hawezi kuiuza, na kumkatalia mwanawe pia hawezi.

"Mama," nikasema, "kitanda tukikihamishia upande ule, hapo dirishani itaenea?"

Hakunigeukia. "Itaenea, na kiti chake."

"Itaenea nini?" mume wangu akauliza.

"Cherehani," nikamwambia.

Mtoto akaachia ziwa, akawatazama mmoja mmoja.

"Lakini mama, si ulisema umechoka?"

"Ulisema wewe. Mimi nilisema mgongo unauma."

Mume wangu akakuna kichwa. Akakitazama kitanda kwa muda, kama vile ndicho kilichomsema. Halafu akakishika upande mmoja, akamwita fundi ashike wa pili.

Kabla hawajakitua, mama alishanyoosha kidole ukutani. "Nipakie hiyo."

"Ipi, bibi?" fundi akauliza, kitanda kikiwa bado mikononi.

"Hiyo iliyo karibu nawe."

"Mimi naona ile nyingine ndiyo nzuri," mume wangu akasema.

"Basi kaipake chumbani kwako," mama akamjibu. "Na kesho unifuatie cherehani yangu. Msiilaze, ibebwe imesimama."