Ndege Mmoja Mafunjoni

Ndege wa mafunjoni, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, huimba na mwenziwe: mmoja huita, mwingine hujibu. Hapa ufuoni Kisumu mafunjo yamechomwa kupisha mashamba ya sukuma wiki, kimebaki kichaka kimoja. Nilifika na kofia ya mtaalamu wa ndege na viatu visivyofaa tope, nikawasha simu yenye sauti ya ndege hao niliyoirekodi papa hapa zamani. Ndege mmoja akajibu, akasogea karibu.

“Mzee, unatongoza ndege?” aliuliza mama aliyekuwa akikata mafunjo ya mikeka.

Nilicheka, nikazima. Ndege aliendelea kuita, kisha kunyamaza, akimwachia mwenziwe nafasi ya kujibu. Mama aliacha kukata.

“Sasa mjibu,” akasema, “ama uende.”

Nilienda. Ndege alikuwa bado anaita.