Fromaji ya Masisi

Mwaka wa mwisho wa chuo niliandika memwari yangu, ile tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya fromaji, yaani jibini, ile ya mviringo inayoshuka Goma kutoka malisho ya Masisi. Wenzangu walicheka. Prof wangu hakucheka.

"Vyanzo viko wapi?" aliniuliza. "Mutoto wangu, hauwezi kuandika kwa mudomo wako tu."

Maktaba yetu haikuwa na kitu. Ndipo rafiki yangu wa darasani akanionyesha, kwenye simu yangu mwenyewe, tovuti ya bure inayotafuta kazi za wasomi peke yake. Niliketi barazani kwetu Majengo, nikaandika: fromaji, maziwa, Masisi. Makala zikamiminika! Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umepata visa?"

"Nimepata bakteria, mama!"

Akarudi kwenye sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo.

Makala moja ilikuwa na yote niliyohitaji, lakini ilifungwa kwa wasiolipa. Muhtasari tu ndio uliosomeka. Nikamwandikia mwandishi kwa Kifaransa cha suti na tai, nikidhani yuko Ulaya. Jibu lilikuja sombe haijaiva: "Niko Ndosho, hapahapa Goma. Njoo tu."

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikicheka peke yangu, hata dereva akauliza kama niko muzima. Nilimkuta mama mwenye miwani, daktari wa mifugo aliyestaafu. Alinipa nakala ya makala na kipande kinene cha fromaji.

"Lakini nani anasoma mambo haya?" alisema. "Kazi hii ilikufa siku ileile ilipochapishwa."

Nikamfungulia ile tovuti, nikabonyeza mahali panapoonyesha wasomi waliomtaja katika kazi zao. Watu wa Brazili, wa Ethiopia, wa Uswisi kwenyewe, nchi ya fromaji! Alisoma jina kwa jina, kidole kikiwa kwenye kioo. Kisha akavua miwani, akanivuta kutoka kitini, tukacheza katikati ya sebule bila muziki wowote, yeye akiimba "Uswisi! Uswisi!" mpaka jirani akachungulia mlangoni.

"Mama, kuna nini?"

"Wananisoma!"

Memwari yangu ilipita vizuri. Siku hizi tunaandika makala pamoja, juu ya fromaji tena, na kila Jumapili baada ya misa ananipigia simu: "Fungua, tuone kama kuna mutu mupya." Juzi alikuwepo mmoja, wa Mongolia. Vigelegele alivyopiga! Ilibidi niweke simu mbali na sikio.