Dobi wa Kinu cha Nyuklia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya raba vya soli nene, ili umeme usinipige. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kinu cha nyuklia kusini mwa Sydney, na kwa elimu yangu ya kidato cha nne nyuklia na umeme vilikuwa kitu kimoja. Msimamizi wa Ulinzi wa Mionzi, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya kasisi, aliviangalia viatu vyangu, akaniangalia mimi.

"Bwana Kilonzo, hapa hatuzalishi umeme hata wa kuwasha taa ya chooni. Tunanunua, kama wewe."

Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye vinu vya umeme kwao, akanieleza tukiwa tumesimama pale pale mlangoni. "Kinu cha umeme ni birika tu. Chembe za urani zinapasuka, zinatoa joto. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, mtambo unazungusha jenereta. Toa urani, tia makaa ya mawe, na huo ndio umeme wa huku."

"Sasa urani ya nini, kama makaa yapo?"

"Haina moshi. Na haingoji jua wala upepo, inachemsha usiku na mchana. Ndiyo maana nchi nyingi zinaitegemea. Ubaya wake ni majivu: mabaki yake lazima yalindwe muda mrefu kuliko ufalme wowote uliowahi kudumu."

Australia haikuwa na kinu cha umeme hata kimoja. Chetu kilikuwa kidogo, cha utafiti na cha kutengeneza dawa za hospitali. Joto lake lilibebwa na maji, likaachiwa hewani. Jioni nikampelekea mke wangu, Mama Rehema, habari hizo nyumbani kwetu Toongabbie, kama msomi.

"Mnatupa joto?" akauliza.

"Hewani."

"Na mimi nalala na sweta mbili Toongabbie hii? Mwambie bosi wako avute bomba lifike hapa."

Kazi yangu ilikuwa udobi. Wataalamu walivaa ovaroli kuingia sehemu zenye mionzi. Zikitoka, mimi nilizipima kwa kifaa kinacholia kikikuta mionzi, nikazitenga, nikazifua. Hakuna aliyetoka bila kusimama kwenye mashine ya kupimia mikono na miguu, awe dobi au mkurugenzi. Na Msimamizi alikuwa na maneno matatu aliyoyarudia kama sala: muda, umbali, kizuizi. Kaa karibu na mionzi kwa muda mfupi, simama mbali nayo, weka kitu kizito katikati.

Mama Rehema alikuwa na neno moja tu: "Umeoga?" Hilo nilikutana nalo mlangoni kila jioni. Nilikuwa nimeoga kazini, nimepimwa na mashine ya serikali, lakini mashine ya nyumbani haikuniamini. Nilioga tena, ndipo nikakumbatiwa. Watu wa kanisani kule Merrylands walimuuliza kama ninang'aa gizani. "Angeng'aa," akawajibu, "ningezima taa."

Kisha ikaja korona. Mtaa mzima ukaanza kunawa, kupima umbali na kuvua viatu nje. Mimi mkaa nyumbani wa kuzaliwa sikuona adhabu. Kazini kila mtu alinitazama kama nabii, maana kufua na kupima vilikuwa kazi yangu miaka yote. Lakini katika miezi hiyo hiyo Mama Rehema akapata uvimbe shingoni. Ilikuwa saratani ya tezi. Alipasuliwa, na daktari akasema kilichobaki kimalizwe kwa iodini yenye mionzi, kidonge cha kumeza. Kinatengenezwa kwetu, kwenye kinu.

Akakataa katakata.

"Baba Rehema, miaka yote nimekukimbia wewe na moto wako. Leo niumeze?"

Nikampigia Msimamizi, ambaye alikuwa amekwishastaafu. Akasema, "Usimwambie haina hatari. Mwambie inakwenda wapi." Basi nikaketi na Mama Rehema jikoni nikamweleza: iodini inaitafuta tezi kama mgeni anayejua nyumba, inaichoma saratani pale ilipojificha, kisha nguvu yake inapungua, na nyingine inatoka kwa mkojo na jasho.

Akamimina chai. "Na nguo zangu?"

"Zitafuliwa peke yake."

"Na nani?"

"Una dobi mwingine?"

Alikunywa chai yake hadi mwisho. "Basi usinifulie kama ovaroli," akasema. "Kanga zangu zinachuja rangi."

Alimeza kidonge katika chumba cha peke yake hospitalini. Wageni wasingeruhusiwa hata bila mionzi, kwa sababu ya korona. Aliporudi, alikaa chumbani, mimi nikahamia kwenye kochi. Jioni niliweka kiti mwisho wa korido, yeye akaweka chake mlangoni pa chumba, tukaongea kwa sauti ya juu kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Sogea nyuma, dobi. Umbali!"

"Nimesogea, nimefika kwenye friji."

"Basi niletee maembe. Weka chini, ondoka."

Nilifua kanga zake kwa mikono. Nilikuwa nimefua nguo za maprofesa ambao sikuwajua majina, na sikuwahi kuogopa. Zile kanga nilizifua mojamoja, kwa woga.

Daktari alipiga simu: umbali sasa basi, na picha zilionyesha dawa imefika ilipotumwa. Vipimo vilivyofuata vikatoka safi. Mwaka huo nikastaafu. Waliniaga kwa keki, kila mtu na barakoa yake, na kwa mara ya mwisho nikaweka mikono kwenye mashine. Ikawasha taa ya kijani.

Wajukuu wananiuliza kama nchi hii ijenge vinu vya umeme. Nawaambia waulize wanaojua. Mimi najua nguo. Najua tu kwamba moto ule ule unaochemsha maji ya miji ya watu uliingia shingoni mwa bibi yao, ukafanya kazi yake, ukaondoka.

Siku ile daktari alipopiga simu, nilikuwa nje naanika. Nikaacha vibanio, nikaingia mbio, mikono wazi. Mama Rehema alikuwa amesimama kwenye korido, pale kiti changu kilipokuwa. Akainua kiganja.

"Umeoga?"

Nikaenda kuoga.